Mikono niweke wapi?

Mtu anafika studio amejiandaa tangu asubuhi. Kitenge kimepigwa pasi, viatu vimefutwa vumbi mlangoni, nywele zimekaa. Unamwambia asimame penye alama, unainua kamera, na papo hapo anagundua kwamba ana mikono miwili ambayo hajui ilitoka wapi. Anaileta mbele, anairudisha nyuma, anaikunja kifuani kama refa anayesubiri mchezaji atoke uwanjani. Kisha anauliza: "Mikono niweke wapi?"

Nimeulizwa hivyo na mabibi arusi, na wachungaji, na mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki kule Birere, hapa Goma, mashariki ya Kongo, na vijana waliotoka kuona matokeo ya mtihani wa serikali, wakiwa bado na poda nyeupe ya kushangilia kufaulu kichwani mpaka kwenye nyusi. Wale wa poda huuliza mara moja tu, halafu wanarukiana na swali limekwisha. Hao wengine unabaki nao.

Mwanzoni jibu langu lilikaa kwenye simu. Usiku, umeme ukirudi, nilijaza chaji na kuanza kuokota picha za mapozi: zaidi ya mia sita, zote kwenye faili moja. Wasichana wamekaa kwenye sofa nyeupe, kikombe cha kahawa mkononi, dirisha kubwa pembeni. Wanaume wametia mikono mfukoni na kutazama kando, utadhani kuna mtu kawaita. Niliona nimepata hazina. Mteja akiuliza swali lake, nilimfungulia simu, nikamwambia chagua.

Siku moja nilikuwa mtaa wa Himbi, kando ya ziwa Kivu, na wachumba wawili. Msichana alikuja na shangazi yake, kama inavyofaa, na shangazi akaketi kwenye jiwe akiwa na pochi mapajani. Vijana walichagua pozi moja kwenye simu: mwanaume anamkumbatia mwanamke kwa nyuma, uso kauficha shingoni. Pale kwenye simu lilikuwa zuri sana. Kando ya ziwa, kijana alikuwa kama mtu anayebeba mfuko wa simenti asijue autue wapi, na msichana akatoa tabasamu la mtu anayesubiri sindano. Nilipiga foto kumi na tano nikiamini tatizo ni pembe. Shangazi akaja, akainama juu ya kioo cha kamera, akatazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyu kijana anamkamata ao anamficha?"

Msichana mwenyewe hakusema foto ni mbaya. Alisema tu: "Huyu haiko miye." Niliwarudishia nusu ya pesa, na nusu nyingine nikaila kwa aibu.

Sikufuta ile faili, bado ninayo. Lakini siku hizi ninatazama picha ya mwenzangu kama fundi cherehani anavyotazama shati la mpita njia: rangi haimhusu, anatafuta mshono umepita wapi. Uzito wa mwili uko mguu gani? Mikono inafanya nini, au imeachwa tu? Mwanga unatoka upande gani, na uso umeufuata au umeukimbia? Nikishapata hayo matatu ninafunga simu kabla mteja hajaja. Kumwonyesha mteja picha ya mtu mwingine na kumwambia "kuwa hivi" naona ni kama kumpa kiatu cha jirani.

Baada ya ile aibu ya Himbi nilinunua daftari la shule, lile la kurasa arobaini na nane. Ukurasa wa kwanza niliuandika kwenye mzunguko wa Chukudu, chini ya ile sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Sanamu yenyewe inasukuma milele na haichoki. Yule aliyenivutia alikuwa mwenye chukudu wa kweli, aliyesimama kupumzika kando ya barabara na magunia manne ya makaa. Anapoendesha, goti moja huwa juu ya ubao, kwenye kipande cha mpira alichokipigilia ili lisichubuke, na mguu wa pili unasukuma barabara. Sasa alikuwa amesimama. Mguu wa kushoto ulikuwa juu ya ubao, goti limekunjika, uzito wote mguu wa kulia. Kiwiko kimelala kwenye usukani. Mkono wa pili umeshika kitambaa cha jasho, haufanyi kazi wala haujalala. Bega moja juu, jingine chini, kiuno kimeenda upande wa pili. Hakuna aliyemfundisha. Wachongaji sanamu wa Ugiriki ya kale walihangaika sana mpaka wakampata mtu anayesimama hivyo, na sisi tunaye kila kona, kabeba makaa.

Wiki ileile alikuja kijana mwanasheria, suti mpya, tai imembana shingo. Swali likaja. Nikamtoa nje, nikamweka kwenye kile kiukuta cha mawe kilicho nusu urefu wa mtu, kiwiko juu, mguu mmoja kwenye jiwe, miwani mkononi badala ya kitambaa cha jasho. Mwili ulijua wenyewe yaliyobaki. Uzito ukienda mguu mmoja, kiuno kinainama, mabega yanainama kinyume chake ili mtu asianguke, na ule mstari wa mlingoti wa bendera unavunjika. Mama yake alipoiona foto alisema amefanana na baba yake. Sikumwambia kwamba amefanana na muuza makaa.

Daftari limejaa sasa, niko kwenye la tatu. Kuna dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, anayesubiri mteja: ameketi upande kwenye kiti, kofia ya usalama juu ya paja, mikono miwili juu ya kofia. Kuna mbadilisha pesa na meza yake ndogo, vidole vinahesabu faranga huku macho yakitazama barabara. Kuna mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye, akishajaza kopo, huweka kiganja juu ya samaki kama anayewafunika wasisikie baridi. Kuna mzee anayepokea chenji kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko cha ule wa kulia. Hilo la mwisho nimelitumia kwa foto za wahitimu wanaposhika diploma zao, na wazazi hulipenda bila kujua kwa nini.

Kuna na wasusi. Watu wanatafuta pozi la watu wawili mpaka mwisho wa intaneti, na pozi zuri kuliko yote liko kwenye kibaraza cha jirani: mmoja ameketi kwenye kigoda, mwenzake yuko chini katikati ya magoti yake, kichwa kimelala kwenye paja. Walikuja ndugu wawili, mkubwa akitokea Butembo baada ya miaka mingi. Waliposimama pamoja mbele ya pazia walikuwa kama watu waliokutana ofisini. Nikamwambia mkubwa aketi, mdogo akae chini, amfumue msuko mmoja wa pembeni na kuusuka upya. "Foto itakuwa na nywele nusu!" mdogo akalalamika. Dada yake akamkandamiza kichwa: "Tulia." Sauti ile haikuwa ya mgeni wa ofisini tena. Nilipiga walipokuwa wanagombana.

Sipigi picha za watu hawa wa daftari. Ninaandika kwa maneno, au ninachora kijitu cha vijiti. Watu wa mji huu wamepigwa picha vya kutosha na kamera zilizokuja kutafuta machozi, na mama wa sambaza hana deni na mimi. Halafu kuna akili ya kawaida: karibu na mpaka, karibu na uwanja wa ndege, popote penye mtu mwenye silaha, kamera inabaki ndani ya mfuko na daftari pia.

Nilidhani huu mtindo wa kumwonyesha mteja mapozi achague umezaliwa na simu. Kumbe Seydou Keïta, mpiga picha aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alikuwa na foto za mfano ukutani, na mteja aliingia akanyoosha kidole: nataka kama ile. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Alikuwa na saa, kalamu na redio za kuazimisha, na mara nyingi alipiga foto moja tu kwa mteja, kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Foto moja! Mimi napiga mia mbili na bado naomba tena. Lakini tazama tofauti: wale waliokuwa ukutani kwa Keïta walikuwa watu wa Bamako, wamevaa kama mteja, wameketi kama mteja anavyoketi. Mteja alichagua pozi la jirani yake, si la mtu wa sofa nyeupe. Tangu nilipoelewa hilo, ukuta wa studio yangu una foto za Goma peke yake, zilizobandikwa kwa ruhusa ya wenyewe, na ninazibadilisha ili watu wasichoke.

Mwingine ninayemfikiria sana ni Samuel Fosso. Alifungua studio Bangui, Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka kumi na mitatu, na filamu ikibaki na nafasi chache mwishoni, alijipiga mwenyewe na kumtumia bibi yake Nigeria. Kutokana na vile vipande vya mwisho ulimwengu mzima ukamjua. Mimi sikutafuta umaarufu huo, ila nimechukua tabia: pozi lolote lililoingia daftarini ninalifanya mimi kwanza, mlango umefungwa, mbele ya kioo. Ndivyo nilivyogundua kwamba mapozi mengi ya kwenye simu yanaumiza mgongo. Ukiona pozi limekushinda dakika mbili, usimpe mama wa watu alikae kwa dakika kumi.

Na Malick Sidibé, wa Bamako vilevile, alikuwa na foto za watu waliompa mgongo. Mtu mwenye haya, anayekimbia kamera, mgeuze. Mwambie atembee akielekea ukutani, halafu umwite jina. Mgongo wa mwanamke aliyefunga kitenge vizuri una habari kuliko nyuso nyingi, na mtu akikupa mgongo hakuulizi habari ya mikono.

Sasa kuna jambo ambalo picha za wageni haziwezi kukuambia, na mimi lilinichukua muda mrefu kulijua. Ardhi yetu ni nyeusi. Goma imesimama juu ya mawe ya lava ya volkano Nyiragongo: ua mweusi, ukuta mweusi, barabara nyeusi. Penye mchanga, jua likipiga chini linarudi juu na kuingia chini ya nyusi, chini ya pua, chini ya kidevu. Hapa jiwe linaumeza mwanga wote na halirudishi kitu. Mji uko chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko utosini, na macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili. Nilikuwa naiga pozi la binti wa pwani aliyeinamisha kichwa kidogo, yeye anang'aa, wa kwangu anatoka kama anaomboleza. Nikalaumu kamera.

Dawa yake ni gunia. Chukua mfuko mweupe wa unga, upasue, uutandaze miguuni pa mteja, nje kidogo ya foto, na utaona macho yanafunguka. Akiwa ameketi chini ndiyo bora zaidi, maana uso uko karibu na gunia. Au msogeze kwenye mlango wa duka, chini ya bati, uso ukitazama nje. Au mgeuze uso upande wa kusini, kwenye ziwa, ambako hakuna nyumba wala mlima wa karibu wa kuziba anga. Kamera nayo hudanganyika: ikiona ukuta mweusi umejaza foto, inadhani ni giza na inaongeza mwanga, uso unaungua na jiwe linageuka kijivu kama jivu la jiko. Punguza. Acha jiwe liwe jeusi. Hakuna mji mwingine ninaoujua ambapo kitenge cha manjano kinawaka namna hii, na huo ni mtaji wetu, tusiubadilishe kwa pazia la karatasi lenye picha ya mnara wa Paris.

Kuhusu saa: jua linachomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na linazama haraka. Mwanga laini wa jioni haufiki saa nzima. Ninawaambia watu waje saa kumi ili wakimaliza kubadilisha nguo, kupiga simu na kumsubiri binamu, mwanga uwe ndiyo kwanza umefika.

Mengine ya mwili ni madogo. Kidevu mbele kidogo na chini kidogo, kama kobe anayechungulia. Kinaonekana ujinga ukiwa umesimama pembeni, kwenye foto kinatengeneza taya. Mkono usibanwe kwenye mbavu, acha nafasi mwanga upite. Usikate foto kwenye kifundo, kiwiko wala goti. Kiganja kitazamwe kwa upande wa kidole kidogo, maana mgongo wa mkono ukigeuzwa kwenye lenzi unakuwa mpana kama sahani. Vidole ninawaambia wavishike kama vimeshika kifaranga: asife, asitoroke. Na wewe mwenyewe rudi nyuma. Ukisogea karibu na lenzi pana ya milimita 35, mkono ulio mbele unakuwa mkubwa kuliko kichwa. Tumia ya 85, au ya 50 kama kihisio cha kamera yako, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kidogo.

Kwa wachumba nimeacha kabisa kukumbatisha watu. Ninawapa kazi. Kijana amfunge mwenzake kishikizo cha bangili. Msichana amnyooshe kola, ambayo mara zote kweli imepinda. Shangazi hana la kusema, na mikono imepata ajira.

Miezi michache iliyopita aliingia mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, pamoja na binti yake na wajukuu wawili wa kiume. Hakuwa na picha kwenye simu. Alikuwa na redio ya zamani, kubwa, ya plastiki iliyopasuka pembeni, amefunga kwenye kitambaa. Akaiweka juu ya meza yangu na kuanza kuchora kwa kidole penye vumbi.

"Papa hapa. Mama amesimama hapa. Miye hapa, chini."

Ilikuwa foto ya familia, iliyopigwa studio alipokuwa mtoto wa miaka sita. Ilining'inia sebuleni mpaka tarehe 17 Januari 2002, siku lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani. Walitoka na godoro, sufuria, watoto na redio. Foto waliiacha ukutani.

"Nilisema nani ataiba foto?" akaniambia, akacheka. Nyumba ilizikwa. Baadaye walijenga nyingine juu ya jiwe lilelile.

Alitaka tuipige tena, yeye akae mahali pa baba yake. Tukampigia kaka yake aliyeko Uvira, sauti nje, ili atukumbushe. Wakaanza kugombana papo hapo, kaka akimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Redio ilikuwa kwenye magoti ya papa."

"Hapana, yaya. Ilikuwa kwenye meza ndogo."

"Magoti!"

Mtandao ukakata. Mama akaamua: magoti. Tukamweka kwenye kiti, redio mapajani, mkono wa kulia juu ya redio. Binti yake akasimama nyuma. Mjukuu mkubwa kando ya binti, mdogo chini kwenye mkeka. Ukabaki mkono wa kushoto. Akaujaribu kwenye paja, akaujaribu kwenye mkono wa kiti, akaushusha. Nilifungua kinywa kumpa jibu kutoka daftarini, nikakifunga.

"Mama, weka tu popote," binti akasema.

Mama alifumba macho. Mkono ukainuka polepole, ukaenda ukatua juu ya kichwa cha mjukuu, kiganja wazi, vidole vimeshuka mpaka kwenye paji la uso. Mtoto akainamisha shingo kidogo.

"Nilikuwa nachoka shingo," akasema, macho bado yamefumba. "Ulikuwa mzito sana."

Nilipiga tatu. Katika ya pili mtoto ameinua macho juu, anatafuta mkono. Hiyo ndiyo aliyoichagua. Tukaituma Uvira jioni hiyo, na kabla mama hajatoka mlangoni jibu likaingia, sauti ya mwanaume, kwanza kimya kirefu, kisha pua ikivutwa.

"Ni nzuri, yaya. Ni nzuri sana. Ila redio ilikuwa kwenye meza."